Beringi za Schweinfurt: kwa nini mashine za Ujerumani hazikusimama mwaka 1943

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga na kukoboa hapa Morogoro. Nimesoma kwamba mwaka 1943 Wamarekani walipeleka mamia ya ndege kupiga mji mmoja wa Ujerumani, Schweinfurt, kwa sababu tu ya viwanda vya beringi. Walipoteza ndege 60 kwa siku moja, wakarudi, wakapoteza 60 nyingine. Najua mashine bila beringi ni chuma chakavu. Sasa mbona Ujerumani iliendelea kupigana zaidi ya mwaka mmoja na nusu? Wazo lilikuwa la kijinga au walikosea kupiga? Na wale vijana, walikufa bure? Halafu kwenye boksi za beringi ninazonunua naona FAG. Ni hao hao?"

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba swali hili limeulizwa na fundi, kwa sababu jibu lake liko karibu zaidi na karakana yako kuliko na ofisi ya majenerali. Wazo halikuwa la kijinga. Mpaka leo naliona kuwa mojawapo ya mawazo makini zaidi ya vita ile. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kiwanda ni jengo, na kwamba pigo likishakuwa kubwa halihitaji kurudiwa. Haya mawili utayaona yakijitokeza kila mahali katika maelezo yangu.

Nianze na mahali wazo lilipotoka. Katika miaka ya 1930, kwenye chuo cha maofisa wa anga wa Marekani kilichokuwa Maxwell, jimbo la Alabama, walimu wachache walikuwa wakijiuliza swali moja: taifa la viwanda linaangushwaje bila kuua jeshi lake lote uwanjani? Jibu lao lilikuwa kwamba uchumi wa viwanda ni kama wavu, ukikata fundo sahihi wavu wote unalegea. Walikuwa na mfano walioupenda sana. Mwaka 1936 mafuriko yaliupiga mji wa Pittsburgh, na kiwanda kimoja kikafungwa. Kiwanda hicho kilitengeneza springi ndogo ya propela, ile aina inayobadili pembe ya panga zake ndege ikiwa angani. Hakuna bomu lililoanguka, hakuna adui aliyevuka bahari, lakini utengenezaji wa ndege nyingi za Marekani ulikwama kwa ajili ya springi. Wale walimu wakasema: basi tutafute springi ya adui.

Kwa Ujerumani, springi hiyo ikaonekana kuwa beringi.

Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini. Kila kinachozunguka kwa kasi kinakalia gololi zilizo ndani ya beringi: injini ya ndege, giaboksi ya kifaru, mota ya umeme, jenereta, mashine ya kuchonga vyuma, hata kitako cha mzinga unaogeuka. Gololi zenyewe ni kitu cha ajabu. Watoto wetu wanazichezea mchangani, na beringi chakavu wanazifanya magurudumu ya magari yao ya mbao, lakini kuitengeneza gololi ya chuma iliyo duara kamili, na kuzitoa maelfu zilizolingana mpaka jicho lisione tofauti, ni kazi iliyowashinda wahunzi kwa karne nyingi. Aliyeifungua njia ni fundi wa Schweinfurt, Friedrich Fischer, ambaye mwaka 1883 alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja. Mji mdogo ule wa Bavaria, kando ya mto Main, ukawa makao ya ufundi huo. Kufikia vita ya pili ya dunia, karibu nusu ya beringi zote za Ujerumani zilitoka kwenye viwanda vichache vilivyosongamana karibu na stesheni yake ya reli. Mpangaji wa vita anayeiona ramani kama hiyo hawezi kulala. Shabaha nyingine zilihitaji kupigwa miji hamsini, hii ilikuwa mji mmoja.

Kamati ya wachambuzi iliyoundwa Washington mwishoni mwa 1942 iliziweka beringi karibu na kilele cha orodha ya shabaha. Upande wa Uingereza si wote waliokubali. Arthur Harris, mkuu wa ndege za mabomu za Uingereza, alizidharau shabaha za namna hii. Kwake zilikuwa kama dawa moja ya mganga inayodaiwa kuponya kila ugonjwa, naye aliamini katika kuiteketeza miji mizima usiku. Mimi siitetei njia ya Harris, ambayo iliua raia kwa makumi ya maelfu, lakini shaka yake juu ya dawa moja ilikuwa na chembe ya ukweli, kama utakavyoona.

Sasa ndege zenyewe. B-17, iliyopewa jina la Ngome Irukayo, ilikuwa na injini 4 zenye nguvu farasi 1,200 kila moja, watu 10 ndani, na rashasha nzito zilizoelekezwa kila upande. Iliruka mita 7,000 na zaidi, kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, madirisha ya ubavuni yakiwa wazi. Mtu akivua glovu akashika chuma, ngozi inabaki pale. Bomba la oksijeni likiganda, anazimia bila kujua. Kwa safari ya mbali namna ile, kila ndege ilibeba tani mbili hivi za mabomu. Wamarekani waliamini kwamba ndege hizi zikiruka pamoja, zimepangwa kwa ngazi ili kila rashasha imlinde jirani, zinaweza kufika popote mchana kweupe bila kusindikizwa. Imani hiyo ndiyo iliyojaribiwa tarehe 17 Agosti 1943.

Mpango wa siku ile ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kundi la kwanza, ndege 146 chini ya Curtis LeMay, lingepiga kiwanda cha Messerschmitt kule Regensburg kilichokuwa kikitengeneza ndege za kivita za Bf 109. Badala ya kurudi Uingereza, lingevuka milima ya Alps na Bahari ya Mediterania na kutua Algeria. Kundi la pili, ndege 230, lingeingia Ujerumani nyuma yake kwa dakika chache tu na kwenda Schweinfurt. Wajerumani wangelirukia la kwanza, na wakati wametua kujaza mafuta na risasi, la pili lingepita. Ujanja wote ulikuwa katika zile dakika.

Ukungu wa Uingereza ukaziharibu. Asubuhi ile viwanja vilikuwa vimefunikwa kiasi kwamba rubani haoni ncha ya bawa lake. LeMay alikuwa amewafundisha vijana wake kuruka kwa kutazama vyombo tu, nao wakaondoka wamechelewa saa moja na nusu. Hawakuweza kungoja zaidi, kwa maana walipaswa kutua Afrika kabla ya giza. Kundi la Schweinfurt lilibaki chini. Lilipoondoka, pengo halikuwa dakika tena, lilikuwa saa tatu na zaidi.

Hapo ndipo ningesitisha mpango wote. Nimeufundisha mkasa huu miaka mingi na kila mara nafika hapa nikiumia, kwa sababu kila ofisa aliyeijua hesabu ya dakika alijua imeshavunjika. Walituma hata hivyo. Ndege ndogo za Wamarekani aina ya P-47 ziliwasindikiza mpaka karibu na mpaka wa Ujerumani, mafuta yakafika nusu, zikageuka. Kuanzia hapo Wajerumani walishambulia kundi la LeMay mpaka Regensburg, wakatua, wakajaza mafuta na risasi, wakala, wakaruka tena kulisubiri kundi la pili. Vikosi vingine vililetwa kutoka mbali kwa kuwa muda ulikuwepo wa kutosha. Kundi la pili lilipigwa likienda na likirudi. Jioni ile hesabu ilikuwa ndege 60 zimepotea kati ya 376: 24 za LeMay na 36 za Schweinfurt. Vijana 600 hivi hawakurudi mezani kula. Na kule Algeria, waliofika walikuta viwanja visivyo na mafundi wala vipuri vya kutosha, na makumi ya ndege zilizojeruhiwa ziliachwa huko.

Pale Regensburg mabomu yalilenga vizuri. Pale Schweinfurt, saa tisa alasiri, vikosi vilikuwa vimetapakaa na mabomu mengi yalianguka nje ya viwanda, mengine juu ya nyumba za watu. Hata hivyo mengi yaliingia ndani. Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, aliandika baada ya vita kwamba utengenezaji wa beringi ulishuka kwa asilimia 38.

Asilimia 38 si kidogo. Lakini hebu ingia nami ndani ya kiwanda kilichopigwa, maana wewe utaona kitu ambacho mpiga picha wa angani hakioni. Kutoka juu, picha zilionyesha paa limeanguka, kuta zimelala, moshi. Maofisa wakasema kiwanda kimekwisha. Chini ya lile paa kulikuwa na mashine za kusaga na kuchonga, chuma kizito kilichofungwa kwa bolti kwenye sakafu. Bomu la kilo 250 linapolipuka kwenye paa au ghorofa ya juu linavunja jengo, lakini mashine iliyo mita 15 kutoka hapo inapata vumbi, matofali na mikwaruzo. Ondoa kifusi, funika turubai, rudisha umeme, pangusa, weka grisi, na inaanza kuzunguka. Kilichoziua mashine zaidi ni moto, hasa pale mafuta ya kulainishia yaliyokuwa yameloa sakafu miaka yote yaliposhika. Jengo ni ganda tu. Kiwanda ni mashine, umeme na watu wanaoijua kazi, na mabomu ya 1943 yalikuwa mazuri sana kwa kuvunja ganda.

Ili kumaliza kazi walipaswa kurudi ndani ya siku chache, mafundi wakiwa bado juu ya kifusi. Hawakuweza. Kikosi chao, Jeshi la Anga la Nane, kilihitaji kupata ndege mpya na vijana wapya. Walirudi baada ya miezi miwili, tarehe 14 Oktoba 1943, siku ambayo Wamarekani waliipa jina la Alhamisi Nyeusi. Zilitumwa ndege 291 za B-17. Safari hii Wajerumani walikuwa wamejiandaa kwa namna mpya: ndege za injini mbili zilikaa mbali, nje ya masafa ya rashasha, zikafyatua roketi kubwa za sentimita 21 katikati ya msafara ili kuuvunja mpangilio. Ndege ikishabaki peke yake, ndogo zinaimaliza. Ndege 60 zikaanguka tena. Nyingine 5 zilianguka zikiwa zimeshafika Uingereza, na 12 zilizotua ziliharibika kiasi cha kutupwa. Fanya hesabu: moja kati ya tano haikurudi kutoka safari moja, na kila kijana alitakiwa kumaliza safari 25 kabla ya kurudishwa nyumbani. Kwa kiwango hicho, katika watu 200 wanaoanza hamalizi hata mmoja.

Na ulengaji wa siku ile ulikuwa bora zaidi kuliko wa Agosti. Viwanda vyote vikubwa vilipigwa. Speer anasema asilimia 67 ya utengenezaji ilipotea. Kule Washington, mkuu wa majeshi ya anga, Hap Arnold, alitangaza kwamba Schweinfurt sasa wameipata. Lakini ndani ya wiki moja, tarehe 8 hadi 14 Oktoba, Jeshi la Nane lilikuwa limepoteza ndege 148 za mabomu. Safari za ndani kabisa ya Ujerumani bila kusindikizwa zikasimamishwa. Schweinfurt haikuguswa tena mpaka tarehe 24 Februari 1944.

Miezi minne. Fundi yeyote anajua kinachoweza kufanyika ndani ya miezi minne ukipewa watu, fedha na hofu.

Speer alimteua mtu mmoja, Philipp Kessler, ashughulikie beringi peke yake na kumpa mamlaka makubwa. Jambo la kwanza waligundua kwamba stoo za nchi zilikuwa zimejaa kuliko mtu alivyofikiri, kwa sababu kila mwenye kiwanda alikuwa ameficha akiba yake akiogopa upungufu. Bila kuipata akiba ile, wiki za mwanzo zingekuwa mbaya sana. Jambo la pili waliketi na michoro ya mashine na kuuliza: hapa beringi inahitajika kweli? Wakakuta sehemu nyingi ambapo wahandisi walikuwa wameweka beringi kwa mazoea au kwa fahari, na bushi ya kawaida, yaani pete isiyo na gololi, ingetosha. Wewe umefanya hivyo mara ngapi mteja akiwa hana hela? Taifa zima lilifanya hivyo. Jambo la tatu walizihamisha mashine na kuzitawanya katika miji midogo na vijiji, mpaka shabaha ile moja iliyowakosesha usingizi wapangaji ikawa shabaha nyingi ndogo zisizoonekana. Na jambo la nne, waliendelea kununua kutoka Sweden, nchi isiyokuwa vitani, kwa kampuni ya SKF ambayo pia ilimiliki sehemu kubwa ya viwanda vya Schweinfurt penyewe. Waingereza nao walikuwa wakinunua huko huko. Beringi zao zilivushwa kwa ndege nyepesi za Mosquito zenye usajili wa kiraia, kutoka Sweden mpaka Scotland, zikipita juu ya Norway iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1944 ndipo SKF, baada ya kubanwa sana, ilikubali kupunguza mauzo yake kwa Ujerumani.

Kwa hiyo wapigaji waliporudi Februari, ndege za Marekani mchana na zaidi ya 700 za Waingereza usiku uliofuata, maana Harris alikuwa ameshaamriwa, walipiga mji ambao sehemu ya roho yake ilikuwa imeshahama. Timu ya uchunguzi ya Marekani iliyozunguka Ujerumani baada ya vita ilihitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa mashambulizi dhidi ya beringi yalikuwa na athari ya kupimika kwenye silaha muhimu za Ujerumani. Sentensi hiyo ni nzito ukikumbuka ndege 120 za siku zile mbili.

Speer aliona vinginevyo. Aliandika kwamba katika miezi ile walijiuliza kwa wasiwasi adui atagundua lini kuwa anaweza kukwamisha maelfu ya viwanda kwa kuharibu shabaha tano au sita ndogo, na kwamba Wamarekani na Waingereza waliutupa ushindi uliokuwa mikononi mwao kwa kutoendelea. Maneno yake yananukuliwa sana, nami naomba uyapokee kwa tahadhari. Huyu alikuwa mshtakiwa wa mahakama ya wahalifu wa vita ya Nürnberg aliyefungwa miaka 20 kwa kuwatumikisha watu kwa nguvu, na aliporudi uraiani alikuwa na haja ya kuonekana mtaalamu aliyewazidi akili adui zake. Lakini katika hili la kutorudi naamini alisema kweli, kwa sababu jambo lile lile lilitokea kwingine. Usiku wa kuamkia 17 Mei 1943 ndege 19 za Lancaster za Waingereza zilivunja mabwawa ya Möhne na Eder ya Ujerumani, zikapoteza 8. Hakuna aliyerudi kuwapiga mafundi waliojenga upya, na kufikia vuli ukuta wa Möhne ulikuwa umesimama. Tarehe 1 Agosti 1943 ndege zaidi ya 170 aina ya B-24 ziliruka kutoka Benghazi, Libya, zikapiga visafishio vya mafuta vya Ploiești, Romania, zikiwa chini sana hadi moshi ukaingia ndani ya ndege. Zaidi ya 50 zilipotea. Pigo lingine kubwa halikufuata mpaka Aprili 1944. Kila mara ni pigo moja la kishujaa, kisha kimya cha miezi, na ndani ya kimya hicho fundi wa adui anafanya kazi yake.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kitu kidogo ambacho ungekipenda: tangi la ziada la mafuta chini ya bawa. Ndege ndogo ya P-51 Mustang, iliyotiwa injini ya Merlin iliyobuniwa Uingereza, ikibeba matangi ya kuangusha, iliweza kwenda mpaka ndani kabisa ya Ujerumani na kurudi. Ilianza kusindikiza Desemba 1943. Januari 1944 Jimmy Doolittle alishika Jeshi la Nane, akawaruhusu wasindikizaji waache kuganda kando ya ndege kubwa na waende kuwatafuta Wajerumani popote walipo. Ona tofauti: tarehe 6 Machi 1944 Wamarekani walipiga Berlin na kupoteza ndege 69 za mabomu, nyingi kuliko siku yoyote ya Schweinfurt. Tarehe 8 walikuwa juu ya Berlin tena.

Na walipopata uwezo wa kurudi, walichagua shabaha nyingine: mafuta. Ujerumani haikuwa na visima vya kutosha, hivyo ilitengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe, kwa kuyabana pamoja na haidrojeni kwenye joto na mgandamizo mkubwa mno. Mtambo wa namna hii hauwezi kubebwa kwenye lori na kufichwa kijijini. Ni maili za mabomba, kompresa kubwa kama nyumba, matenki. Sehemu moja ikipasuka, mstari mzima unasimama, tena kilichomo ndani kinawaka chenyewe. Na petroli haina bushi ya kuishikia nafasi. Ndege inayoihitaji haikubali kitu kingine.

Tarehe 12 Mei 1944 karibu ndege 900 za mabomu zilikwenda kupiga mitambo ya namna hii ya Leuna, Böhlen, Zeitz, Lützkendorf na Brüx. Speer, safari hii bila kujigamba, aliandika kwamba hataisahau siku ile kwa kuwa ndiyo iliyoamua vita vya ufundi. Hitler alimpa Edmund Geilenberg mamlaka ya kukarabati, na hadi watu 350,000, wengi wao wageni waliolazimishwa, walitupwa kwenye kazi hiyo. Leuna ikafufuka baada ya wiki chache, ikapigwa. Ikafufuka, ikapigwa. Mpaka mwisho ilishambuliwa mara 22, kwa tani 18,328 za mabomu, na mengi kati ya hayo yalikosa. Katika kipindi hicho ilitoa kwa wastani asilimia 9 tu ya uwezo wake. Petroli ya ndege kutoka mitambo ya aina hii ilikuwa tani 175,000 mwezi Aprili, tani 30,000 Julai, na tani 5,000 Septemba. Jambo linaloniuma na kunishangaza kwa pamoja ni kwamba katika miezi hiyo hiyo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitoa ndege nyingi za kivita kuliko wakati wowote wa vita. Zilikuwa na beringi zake zote. Ziliegeshwa chini ya miti pembeni mwa viwanja kwa kukosa petroli, na vijana waliopaswa kuzirusha walipelekwa vitani na saa chache mno za mafunzo kwa sababu hiyo hiyo.

Swali lako la tatu, kama walikufa bure, sitalijibu kwa haraka. Kama kipimo ni beringi peke yake, basi siku zile mbili hazikuzaa walichoahidiwa. Walipelekwa na watu walioamini nadharia kuliko walivyoamini ukungu na hesabu ya mafuta ya P-47, na hilo nalisema bila kupepesa. Lakini kuanzia Agosti ile Ujerumani ilizidi kuvuta ndege zake za kivita na mizinga yake kutoka Urusi na Italia kuja kulinda anga la nyumbani. Huko juu, kuanzia Februari 1944 Mustang zilipoongezeka, marubani wake wenye uzoefu walikufa kwa kasi isiyoweza kufidiwa. Majeshi yalipoteremka Normandy tarehe 6 Juni, ndege za Ujerumani zilizoonekana juu ya ufuo zilihesabika kwa vidole. Bila Alhamisi Nyeusi sidhani Washington ingekubali mapema hivyo kwamba Ngome Irukayo haiwezi kujilinda. Bei ya kukubali ililipwa na vijana wa miaka 20 na 21. Jeshi la Nane peke yake lilipoteza wafu wapatao 26,000 mpaka mwisho wa vita.

Na tusiwasahau wa chini. Schweinfurt ya Agosti iliua watu takriban 200 mjini. Regensburg iliua mamia, wakiwamo vijana wanagenzi waliokuwa wakijifunza ufundi kiwandani, watoto wa umri wa wale wanaoshika spana karakanani kwako. Katika viwanda vya beringi walifanya kazi pia maelfu ya watu waliotolewa kwa nguvu Poland, Urusi, Ukraine, Ufaransa na kwingineko, ambao hawakuwa na hiari ya kuwepo pale kengele ya hatari ilipolia. Hata baadhi ya mizinga iliyowafyatulia Wamarekani ilihudumiwa na wanafunzi wa sekondari waliotolewa madarasani wakiwa na miaka 15 na 16. Mwaka 1998 wazee waliokuwa wanafunzi wale na wazee waliokuwa ndani ya B-17 walisimamisha mnara mmoja wa kumbukumbu pale Schweinfurt, kwa pamoja.

Kuhusu boksi: ndiyo, ni hao hao. FAG ni kifupi cha jina la kampuni iliyotokana na yule Friedrich Fischer wa mwaka 1883. Tangu 2001 imo ndani ya kampuni ya Schaeffler, na SKF nayo bado ina kiwanda kwenye mji huo huo. Beringi bandia ni nyingi sokoni, kwa hiyo angalia chapa kwenye pete yenyewe na usiishie kwenye karatasi ya nje. Kama ni halisi, gololi unazozipaka grisi zinatokana na ufundi ulioanzia Schweinfurt, umbali mfupi tu kutoka stesheni ile ya reli.